Siku 15 na ukurasa wa 143: nilivyokwenda Mahakama ya Shirikisho ya Kanada

Ukikataliwa na Kitengo cha Rufaa cha Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi, hutakosa mtu wa kukuambia: "Mlilie jaji, mpelekee picha za nyumba iliyochomwa." Mimi ushauri huo niliulipia kabisa! Upuuzi mtupu. Jaji haulizi kama unastahili hifadhi. Anauliza kama ulitendewa haki, na kama uamuzi una mantiki ukiupima na ushahidi uliokuwa mbele ya Bodi; ndicho kipimo tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Kanada katika kesi ya Vavilov ya 2019. Ushahidi mpya karibu kila mara hauingii.

Muda wa kuiomba mahakama ipitie uamuzi ni siku 15 tangu uarifiwe, na Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Ada ya mahakama ni dola 50. Anayemaliza mfuko ni wakili, elfu kadhaa, na hapo watu wa kanisani walinibeba. Ukiwahi, amri ya kukuondoa nchini kwa kawaida inasimama yenyewe. Ukichelewa ukaomba kuongezewa muda, kinga hiyo huna: itabidi umwombe jaji aisimamishe, uonyeshe kuna hoja nzito, kuna madhara yasiyorekebishika, na mizani inaelemea kwako.

Sasa njoo kwenye jedwali langu, ambalo najivunia mpaka leo. Bodi ilisema mtu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, anaweza kuhamia Kinshasa, kwa hiyo hahitaji hifadhi Kanada. Kisheria lazima paonekane pana usalama, na pia kwamba ni haki kumtarajia mtu aishi huko. Nikapiga safu tatu: aya ya uamuzi, inachodai, ukurasa wa jalada unaoipinga. Aya moja ilidai hakuna ushahidi kwamba wanaonitafuta wana mkono Kinshasa. Haya, fungua ukurasa wa 143: kiapo cha shemeji yangu, anaeleza jinsi watu walivyomfuata nyumbani kwake Limete, humo humo Kinshasa, kuniulizia, na tarehe kaweka. Uamuzi mzima haukitaji hata kwa kukosoa. Wakili alicheka, akachomoa hukumu ya Cepeda-Gutierrez ya 1998: kadiri ushahidi usiotajwa ulivyo mzito, ndivyo mahakama inavyokuwa nyepesi kuona kwamba ulipuuzwa. Malalamiko mengine yote tukayatupa. Kesi haisikilizwi mpaka jaji atoe ruhusa kwanza, na jaji huyo wa ruhusa anasoma karatasi tu, akikataa hatoi sababu, na rufaa hakuna. Hoja kali ikizikwa chini ya hoja dhaifu kumi, umeiua mwenyewe.

Muda wa kukamilisha jalada la ombi mahakamani ulikuwa siku 30. Mwaka 2025 mahakama iliusogeza hadi 75 kwa wingi wa kesi. Angalia sana hati ya kiapo. Kama imeandikwa kwa Kiingereza na wewe umeapa kwa Kiswahili, mkalimani naye lazima aape kwamba amekutafsiria, na kiapo chake kikae humo humo. Kikikosekana, mawakili wa serikali wataing'ang'ania hati nzima.

Ruhusa ikitoka, kesi husikilizwa kati ya siku 30 na 90. Mwombaji hahojiwi, mawakili ndio wanaobishana, wewe unakaa nyuma na koti lako. Ukishinda hupewi hifadhi papo hapo: uamuzi unafutwa, jalada linarudi Bodi kwa mjumbe mwingine. Kwa hiyo usiache kusasisha anwani yako huko, na kibali cha kazi kiombee upya kabla hakijaisha.