Jiwe jeusi na maji ya Kivu: kumbukumbu ya mradi wa picha, Goma

Mradi ni fremu moja tu. Inapigwa kutoka kwenye jiwe moja la lava kwenye ufukwe wa Himbi, mtaa wa Goma kando ya Ziwa Kivu, tena na tena, tangu mvua za Septemba mpaka kiangazi cha Juni. Kamera haihami. Kinachohama ni jua, mawingu, upepo na maji yaliyoko juu ya jiwe. Humu tunaandika kilichokubali hadi sasa na kilichoharibu picha, pamoja na sababu zake.

Kusimika kamera

Bila alama za miguu ya trepie (kigoda cha miguu mitatu cha kamera), fremu hairudiwi. Chokaa na mkaa vilioshwa na mawimbi. Rangi ya kucha nyekundu inakaa, na kwa tochi inaonekana vizuri alfajiri. Nukta tatu, moja kwa kila mguu. Urefu ni sentimeta 92 kutoka kwenye jiwe hadi katikati ya lenzi, unapimwa kwa tepu ya mshonaji kila mara, kwa sababu miguu ya trepie hulegea na kushuka kidogokidogo.

Kwa kamera ya sensa (kipokea mwanga) kubwa, lenzi ya mm 24 kwenye tundu la f/11 ukiifokasi mita 1.8, kila kitu kuanzia karibu sentimeta 90 mpaka milima ya ng'ambo kinatoka vizuri. Kwa sensa ndogo tumia mm 16, f/8, mita 1.6. Ukishafokasi, zima fokasi ya kujiendesha na ubandike utepe wa gundi juu ya pete. Gizani kidole huisogeza pete bila mtu kujua, na kosa linaonekana ukishafika nyumbani. Usishawishike kwenda f/22: mwanga ukipita kwenye tundu dogo hivyo hutawanyika, na vishimo vya lava, ambavyo ndivyo uhai wa picha hii, vinafifia.

Mizani ya rangi tumeifunga kwenye 5500 K, yaani rangi ya mwanga wa mchana. Ikiachwa ijipange yenyewe, kamera inasawazisha asubuhi ya bluu na jioni ya dhahabu mpaka zinafanana, na hapo mradi wote hauna maana.

Weusi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Goma imejengwa juu ya lava. Ile ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilikatiza mjini na kuingia ziwani. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 iliishia pembezoni. Kwa hiyo ufukwe hapa hauna mchanga mweupe wa kurudisha mwanga. Ni mwamba mweusi unaoumeza.

Ukiinama karibu unaona jiwe limejaa vishimo vilivyoachwa na gesi, vingine kama punje ya ulezi, vingine kama harage. Likikauka na kushika vumbi, lava ni ya kijivu kama jivu la jiko. Wimbi likipita inakuwa nyeusi kabisa, na kila kishimo kinabaki na tone la maji lenye kipande cha mbingu ndani yake. Dakika chache baadaye, jua likiwepo, matone ya juu yamekwisha na ya chini yanabaki. Kwa hiyo jiwe hili lina sura tatu: kavu, bichi, na lile linalokauka. Sura ya tatu ndiyo bora, kwa sababu inaonyesha umbo la mwamba: migongo yake ni ya kijivu na mabonde yake ni meusi.

Kipima mwanga cha kamera hakijui hayo. Kimetengenezwa kudhani kwamba kila kitu ni kijivu cha wastani. Lava ikijaza theluthi mbili za fremu, kinaongeza mwanga, jiwe linatoka kama saruji na mbingu inaungua. Tunapunguza stopu 1 (yaani nusu ya mwanga) kwa lava kavu, na stopu 1 na theluthi mbili kwa lava bichi chini ya mawingu. Kisha tunatazama histogramu, yaani grafu ya giza na mwanga wa picha, hatutazami kioo cha nyuma, maana alfajiri kioo hicho kinang'aa kuliko picha yenyewe.

Mbingu na jiwe vikipishana sana kwa mwanga, tunapiga tatu mfululizo: ya kawaida, ya chini kwa stopu 2, ya juu kwa stopu 2, zote kwa ISO 100 (wepesi wa sensa kwa mwanga) na faili ya RAW (isiyochakatwa na kamera). Ya chini inaokoa mawingu, ya juu inaokoa vishimo. Kuvuta weusi kwenye kompyuta kutoka kwenye picha moja iliyopigwa gizani kunaleta chembechembe zambarau, na kwenye lava zinaonekana haraka kuliko kwenye majani.

Filta ya polari, ile inayozungushwa kupunguza mng'ao, inahitaji mkono mwepesi. Goma inatazama ziwa upande wa kusini, kwa hiyo asubuhi na jioni jua liko ubavuni, na hapo ndipo filta inafanya kazi kwa nguvu zote. Shida ni mbili. Kwa lenzi pana ya mm 24, mbingu inatoka na doa jeusi katikati na weupe pembeni. Pili, ukiizungusha mpaka mwisho inaondoa mng'ao wote wa jiwe bichi, linabaki shimo jeusi lisilo na umbo. Sisi tunaizungusha mpaka nusu tu. Kumbuka inakula stopu 1 na nusu mpaka 2.

Maji

Kivu haina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Kuna upepo, na kuna mikondo ya boti. Alfajiri maji yanalala, mchana upepo wa ziwa unaamka. Mawimbi ni mafupi, kwa hiyo nusu sekunde inatosha kuacha nyuzi nyeupe maji yanaporudi kati ya mawe. Ukiweka filta ya giza ya stopu 6, picha ya 1/8 ya sekunde inakuwa sekunde 8, na wimbi lote linageuka ukungu. Kwa ufukwe huu, sekunde 8 ni nyingi mno; ukungu unafunika jiwe tulilolifuata. Boti kubwa ya Bukavu ikipita mbali, hesabu dakika kadhaa kisha inua begi: mkondo wake unafika wakati umeshaisahau.

Maji ya Kivu hayana chumvi ya bahari, lakini yana madini mengi, na tone likikaukia kwenye lenzi linaacha duara jeupe. Lifute likiwa bado bichi, kwa kitambaa kilicholowa maji ya mvua. Vumbi ni hatari zaidi. La Goma ni lava iliyosagwa na matairi, linakwaruza kioo. Puliza kwanza kwa pampu ya mpira, halafu ndipo ufute. Lenzi usiibadilishe kando ya barabara ya motokaa na chukudu (vigari vya mbao vya magurudumu mawili).

Saa na kalenda

Wengi wanasema huku karibu na ikweta jua halibadiliki. Mchana haubadiliki urefu, ni kweli, lakini saa ya kuchomoza inahama. Mwanzoni mwa Novemba jua linachomoza Goma karibu saa 11:42 alfajiri. Katikati ya Februari ni karibu saa 12:12. Nusu saa nzima, na jua linapanda nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo mwanga wa dhahabu una dakika 25 hivi tu. Anayetumia saa ile ile mwaka mzima anapishana nao.

Milima nayo inakula muda. Kila nyuzi 1 ya mlima ni dakika 4. Nyosha mkono: upana wa kidole cha mwisho ni karibu nyuzi 1. Milima ya magharibi ikifunika vidole viwili juu ya maji, jua limekwenda dakika 8 kabla ya kalenda. Upande pia unahama: Desemba jua linazama kusini ya magharibi, upande wa ziwa, Juni linakwenda kaskazini, juu ya nchi kavu, na fremu yetu inabaki na mwanga wa pembeni tu.

Kiangazi kina moshi na vumbi. Kisiwa cha Idjwi kinapotea kabisa, rangi inakufa. Hapo lenzi ya mm 200 na mistari ya milima iliyofifia ina faida kuliko fremu pana. Hewa safi kuliko zote ni ya dakika za kwanza baada ya mvua kubwa, jiwe likiwa bado bichi.

Radi na mazuku

Utafiti wa setilaiti uliochapishwa 2016 uliiweka Kabare, Kivu ya Kusini, ya pili duniani kwa radi baada ya Ziwa Maracaibo, zaidi ya 200 kwa kilometa moja ya mraba kwa mwaka. Mwamba ulio wazi kando ya maji si mahali pa kusubiri. Hesabu kutoka mwako hadi ngurumo: sekunde 3 ni kilometa 1. Ikiwa sekunde 30 au chini yake, kunja trepie.

Mazuku yanaua bila kelele. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, haina rangi, nayo inatuama mabondeni usiku usio na upepo, hasa kati ya Goma na Sake. Mpiga picha anayelala kifudifudi alfajiri ili apate jiwe kutoka chini ndiye anayeweka pua mahali pake hasa. Usishuke kwenye shimo kabla ya jua na upepo. Ukiona wadudu au ndege waliokufa, rudi juu. Waulize wenyeji wa hapo, wanayajua mashimo yao.

Bandari, mpaka, askari: kamera inabaki kwenye begi. Mjulishe shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa) kabla. Na wanaochota maji kwa bidoni wanaombwa: «Mama, samahani, tunapiga jiwe na ziwa, wewe hutatokea.» Kisha unangoja aondoke.

Kinachobaki

Taa za wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, bado hatujazipiga. Mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, na miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma, inatoka jioni. Mwezi ukiwa mpevu hawatoki wengi, kwa sababu taa haivuti samaki vizuri, kwa hiyo tunapanga siku za mwezi mwandamo. Dakika 15 hadi 20 baada ya jua kuzama, mbingu na taa vina nguvu sawa: f/2.8, ISO 1600, kuanzia 1/15 ya sekunde. Ukienda polepole kuliko hapo mtumbwi unasogea na taa inachora mstari. Lava haitaonekana kwa mwanga huo, kwa hiyo itapigwa peke yake dakika 20 kabla, trepie ikiwa haijaguswa, halafu zitaunganishwa.