Achama Nikuone

Jana kitinda mimba wangu kaja kutoka uani, midomo imejaa udongo, na kabla sijauliza kitu akaapa: "Mama, mimi sijala!" Nikamwambia achama nikuone. Nikajikuta nacheka peke yangu, maana kesi hii hii niliisikiliza Pune, India, nikisomea famasia.

Mwenye nyumba wetu, Aji, ndiye aliyenikokota hadi ukumbini kwenye usomaji wa Bhagavata Purana, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Husomwa kwa siku saba, kwa kuwa mfalme Parikshit, aliyelaaniwa kufa kwa kuumwa na nyoka, alikuwa amebakiwa na siku saba tu mtawa aitwaye Shuka alipoanza kumsimulia. Nilikwenda kwa heshima ya Aji, na kwa chakula, tusidanganyane.

Msimulizi alikuwa mzee mwenye harmoniamu. Akafika pale Krishna mdogo, ambaye kwao ndiye Mungu mwenyewe, anaposhitakiwa na wenzake, kaka yake Balarama akiwemo, kwamba amekula udongo. Mtoto akakana: waongo wote hao, mama nitazame mdomoni. Hapo mzee akaacha kupiga, akafumba macho, akaachama. Ukumbi kimya, feni tu inazunguka. Wanawake mkekani wakainua shingo, nami nikainua. Niliona ulimi mwekundu wa tambuu na pengo la gego. Kisha, taratibu, akaanza kutaja alichokiona Yashoda, mama aliyemlea Krishna, mle mdomoni: milima, visiwa, bahari, upepo, umeme, mwezi na nyota, kisha Vraj, makazi yao wenyewe, na humo ndani ya Vraj, Yashoda, kamshika mtoto, anamchungulia mdomoni. Aji alikuwa akinitafsiria sikioni. Alipofika hapo akaacha. Nikageuka: naye kaachama.

Wakati wa kurudi alinieleza kwamba kitabu hicho, mapema kabisa, kinasema ukweli ni mmoja usio na wa pili. Wajuzi huuita Brahman. Au Paramatma, aliyemo ndani ya kila kiumbe. Au Bhagavan, yule wa kuitwa na kupendwa. Mimi mtoto wa madrasa, hilo la kutokuwa na wa pili halikunipa taabu. Lakini huyo Mmoja kupakatwa, kukaripiwa, kupanguswa midomo? Nilikwama, na bado nimekwama. Tena Yashoda mwenyewe, baada ya kuyaona yote hayo, alisahau papo hapo, akampakata mwanawe kama kawaida. Nikamuuliza Aji kwa nini.

"Angekumbuka angemsujudia," alisema, akiruka dimbwi. "Sasa nani angemnyonyesha?"

Usiku nikampigia mama, Tanga. Alifoka: "Tumekupeleka kusomea dawa, wewe unakaa kusikiliza hadithi za watoto wala udongo!" Kidogo akatulia. "Enhe, halafu ikawaje?"

Nikamwambia akasahau.

"Hakuna. Mzazi hasahau kitu kama hicho. Alinyamaza tu."

Asubuhi nikampelekea Aji hoja hiyo. Akaguna, akaniuliza mama yangu amesomea wapi.