Kioo kinapoondoka ndani ya kamera

Nikon D750 yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, na ndiyo imenilisha hapa Mtwara miaka saba sasa: harusi, maulidi, mahafali, siku za kutoa mwali. Kwa hiyo nikisema kamera za kioo zinaondoka, nazungumzia jembe langu.

Juni iliyopita mpiga picha mwenzangu aliniazima Nikon Z6 yake, mirolesi, yaani kamera isiyo na kioo, nikakaa nayo Ijumaa na Jumamosi.

Kwa asiyejua tofauti: ndani ya DSLR, yaani kamera ya kioo kama D750 yangu, kuna kioo kimeinamishwa, kinapokea mwanga kutoka kwenye lenzi na kuupandisha hadi jichoni mwako. Ukibonyeza, kinaruka juu ili mwanga ufike kwenye sensa, kile kibamba kinachonasa picha. Mirolesi imekitoa. Sensa inaona muda wote, nawe unatazama skrini ndogo mle tundu la jicho lilipo.

Ijumaa ilikuwa nikahi, Mikindani. Pale bwana harusi anaposema "nimekubali", msikiti mzima hukaa kimya, na siku zote kioo changu kikiruka wazee hugeuza shingo. Nimelionea haya jambo hilo kwa miaka. Safari hii nilipiga kwa shata ya kielektroniki, isiyo na sauti, na hakuna aliyegeuka. Nje, jua la saa saba na kanzu nyeupe, niliona humo humo kwenye skrini kwamba nguo inaungua kwa mwanga mwingi, nikapunguza mwanga kabla sijabonyeza. Kwa D750 ningepiga, nikague, nirudie. Lakini usiku ukumbini, chini ya taa za LED, ule ukimya ulinigharimu: mistari ya kivuli ilikatiza kanzu kutoka bega hadi bega. Ikabidi nirudishe shata ya kawaida, lile pazia linalofunguka na kufunga mbele ya sensa, lenye sauti.

Jumamosi tulikuwa kijijini, Tandahimba. Ngoma tangu alfajiri, mwali mabegani, khanga juu, watu wanatunza. Kabla ya adhuhuri betri mbili za Z6 zilikuwa zimekwisha, na pa kuchajia hapakuwepo. Kungwi akanipigia kelele, "Mwanangu, usituache hapo!" Nikatoa D750 kwenye begi, na betri yake moja ikanifikisha jioni. Kamera hizi mbili zinatumia betri za familia moja, ila kwa kipimo rasmi D750 inapewa picha 1,230 kwa chaji na Z6 310. Ile skrini na sensa zinakula umeme hata ukiwa hujapiga kitu.

Kisha vumbi. Juni wakulima wanapuliza salfa, dawa ya unga, kwenye mikorosho, nami asubuhi ile nilibadilisha lenzi ya Z6 chini ya mkorosho. Kwenye D750 kioo na shata vinakaa mbele ya sensa. Kwenye Z6 ukitoa lenzi sensa iko wazi kabisa. Usiku, kwenye kompyuta, kila anga ya buluu ilikuwa na vidoa vilevile, pale pale. Nilivifuta kimoja kimoja hadi saa nane.

Hata hivyo sioni njia ya kurudi nyuma. Kioo kilihitaji nafasi, ndiyo maana mlango wa lenzi wa Nikon, pale lenzi inapofungwa kwenye kamera, ule wa tangu 1959, uko milimita 46.5 kutoka kwenye sensa. Mlango wa kamera za Z, kama Z6, uko milimita 16, na watengeneza lenzi wamepata uhuru ambao hawakuwa nao. Nikon na Canon walitoa DSLR zao kubwa za mwisho 2020. Wale wa kampuni ya Pentax bado wanazitengeneza, lakini lenzi zao huku kwetu sizioni.

Lenzi zangu za AF-S, zenye mota yao ndani, zitafanya kazi kwa adapta, kipande cha kuziunganisha na mlango mpya. Ile 50mm f/1.8D, iliyopiga nyuso nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, haitajifokasi yenyewe tena, kwa sababu yenyewe haina mota, na adapta ya Nikon haina mota ya kuizungusha. Hilo linaniuma.

Kijana anayenishikia taa ameniuliza, "Kaka, nianze na ipi?" Nimemwambia achukue DSLR iliyotumika sasa, bei imeshuka, ajifunze mwanga. Mimi lenzi ya kamera ya kioo sinunui tena. Jumamosi hii naenda Newala na D750, na malipo ya kazi hiyo yanaingia kwenye akiba ya Z6.