Mara ya tatu ndani ya sumaku

Jana binti yangu alipigwa tena picha ya ubongo. Hii ni mara ya tatu, katika utafiti unaowafuatilia watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Ya kwanza alikuwa ndiyo kwanza anafikia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, ya pili ana miaka 7, na sasa ana 13. Alivua hereni mwenyewe na kunikabidhi bila kusema neno. Mashine ile ya MRI ni sumaku kubwa, haina mionzi ya eksirei, lakini chuma hakikaribii.

Alizaliwa njiti, gramu 980. Mtoto wa chini ya gramu 1,500 anahesabiwa kuwa na uzito pungufu sana, na yeye hata 1,000 hakufika. Siku zile za mwanzo ubongo wake ulitazamwa kwa ultrasaundi kupitia utosini, pale ambapo mfupa bado haujafunga, kuangalia kama damu imevuja ndani. Daktari aliipasha ile jeli joto kiganjani mwake kwanza ili mtoto asishtuke. Nimesahau mengi ya wodi ile, kiganja kile sijakisahau.

Kuna jambo nililolijua baadaye, na mpaka leo likinijia usiku silali. Mimba ikiwa na wiki kama 24, uso wa ubongo unakuwa karibu laini. Ile mikunjo tunayoiona kwenye picha hujitengeneza kwa wingi katika miezi mitatu ya mwisho. Kwa hiyo ubongo wa mwanangu ulijikunja nje ya tumbo langu, katikati ya taa na milio ya mashine, na mimi nimekaa pembeni nimemshika unyayo kwa kidole kimoja.

Nilisoma habari za Trondheim, Norway, ambako watoto wa uzito kama wake, waliozaliwa kati ya 1986 na 1988, walipigwa picha wakiwa vijana na tena wakiwa watu wazima. Tofauti hazikufutika: kuna sehemu za ubongo zilizobaki ndogo, na nyuzi za mawasiliano hazikupangika sawasawa na za wenzao. Nililia. Sikuwa nimeelewa kwamba ule ni wastani wa kundi. Haumtaji mtoto wangu. Kwa kweli hesabu zinamsumbua na anahitaji muda mrefu kuliko wenzake, ila hayo niliyaona mezani akifanya kazi za shule, wala si kwenye picha. Ndiyo maana aliniumiza sana yule mtu aliyeangalia picha ya pili akaniambia nisitarajie makubwa.

Bogotá, Colombia, nako waliwafuatilia watoto waliobebwa kifuani kwa njia ya kangaruu. Baada ya miaka 20 hivi, baadhi ya sehemu za ubongo wao zilionekana kubwa kuliko za wale ambao hawakubebwa hivyo. Mimi nilimbeba wangu saa nyingi, na habari hiyo naishikilia kwa mikono miwili. Lakini mama uliyezuiwa, au uliyekuwa mahututi kitanda cha pili, tafadhali usiisome kama hukumu.

Safari hii mtafiti hakuishia kuongea na mimi. Alimgeukia binti yangu, akamweleza kwamba familia nyingi huacha kuja kadiri miaka inavyokwenda, hasa zile zenye maisha magumu, na wakikosekana hao, majibu yanapinda. Akamwuliza kama anaridhia. Akajibu ndiyo.

Nilikaa ndani nimemshika unyayo uleule, mashine ikigonga na kuunguruma. Hakutikisika.

Alipotoka aliomba kuiona. Fundi akamwonyesha mikunjo, na lile daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Mama, na wale wengine wamekuja?"

"Sijui, mwanangu."

"Waje," akasema, akainama kufunga kamba za viatu.