Hewa ya mitungi ilivyotuumiza vichwa, na jinsi nilivyotatua

Wiki tatu wanafunzi wangu wa kupiga mbizi walikuwa wakitoka bwawani, hapa Nairobi, wakilalamika kuumwa kichwa. Si wote, wala si kila siku. Hewa yenyewe haikunuka chochote.

Nilibadilisha mafuta ya kompresa, mashine ya kujazia mitungi hewa, nikaosha mitungi, nikaweka chujio jipya la mkaa. Wapi! (Mkaa haunasi kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye moshi wa injini; hilo nilikuwa nimelisahau.)

Kilichonifungua macho ni utepe wa karatasi. Kwenye kila mtungi nilibandika kipande chenye saa niliyoujaza. Siku ya nne nikaona: iliyoumiza watu yote ilijazwa stima ikiwa imepotea, kompresa ikiendeshwa na jenereta yetu. Upepo ukigeuka, moshi ulitambaa ukutani hadi mdomo wa bomba la kuvutia hewa. Nilipopima mtungi mmoja, kaboni monoksaidi ilikuwa sehemu 14 kwa milioni. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumua, EN 12021, hakiruhusu zaidi ya 5.

Nilimwaga hewa yote, nikapandisha bomba hadi juu ya paa, upande upepo unakotokea, kisha nikajaza mitungi upya huku jenereta ikinguruma. Kipimo: 0.

Ijumaa tulikuwa twende kupiga mbizi baharini, Diani. Kwenye kina cha mita 30 shinikizo ni mara nne ya lile la juu ya maji, na zile 14 zingewadhuru kama 56.