Upepo Kwanza, Kitanda Baadaye

Usiku huu nimefungua tena ramani za visiwa, na bado sijatazama hoteli hata moja. Dada yangu, ambaye tutasafiri pamoja na wanawe, anaona nazembea. "Mdogo wangu, vyumba vizuri vitaisha," ananiambia kila akipiga simu. Vitaisha, kweli. Lakini chumba kizuri kilicho upande mbaya wa kisiwa, tena katika mwezi mbaya, sikitaki hata kwa nusu bei.

Nilianza na vimbunga, maana hivyo havina mjadala. Katika Karibi msimu wake ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na Septemba ndiyo hukolea. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi miezi ya kuchunga ni Novemba hadi Aprili. Likizo ya shule inatubana tusafiri Agosti, kwa hiyo sehemu kubwa ya Karibi imejiondoa yenyewe. Zinabaki Aruba, Bonaire na Curaçao, ambazo ziko kusini na vimbunga huzifikia mara chache. Nimeziwekea alama ndogo tu. Safari yake ina kubadilisha ndege kwingi mno kwa watoto.

Bahari ya Hindi, basi. Agosti huko huvuma kusi, na hapa ndipo ninapomaliza saa zangu, kwa sababu kisiwa kimoja huweza kuwa na hali mbili za hewa kwa wakati mmoja. Morisi, ukikaa Belle Mare, pwani ya mashariki, upepo unaupokea usoni. Ukikaa Flic en Flac, magharibi, umekingwa na nyanda za juu za katikati. (Wanaoteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara watanicheka, wao huo upepo ndio wanaousafiria.) Shelisheli nako, miezi ya kusi mwani hurundikana Grand Anse ya Praslin, ilhali Anse Lazio, upande wa pili wa kisiwa hichohicho, maji yametulia.

Mvua ndiyo kabisa. Mlima Waialeale, kule Kauai, kisiwa cha Hawaii, hupata zaidi ya milimita 9,000 kwa mwaka, na ufukwe wa Poipu, ambao hauko hata kilomita 30 kutoka hapo, ni mkavu. Msafiri mmoja atarudi aseme Kauai ni mvua tupu, mwenzake aseme ni jua tupu, na hakuna aliyedanganya. Ndiyo maana sifa na lawama za wasafiri sizitilii maanani mpaka mtu ataje alikwenda mwezi gani na alilala upande upi.

Halafu kuna maji yenyewe. Sehemu nyingi za Karibi bahari haipandi wala haishuki hata nusu mita, mtu anaweza asijali. Pwani ya mashariki ya Unguja ni habari nyingine: Paje na Jambiani maji yakipwa wakati wa bamvua, bahari inakwenda mbali mpaka unaiona kama mstari. Tena bamvua ya huko, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, saa ileile watoto wameshavaa nguo za kuogelea. Maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, kinyume chake, hujaa mida hiyo ya asubuhi na hayaendi mbali. Tofauti kati ya wiki hizo mbili ni kama siku saba tu, na hakuna hoteli niliyoona ikimwambia mgeni. Ukikaa Nungwi, kaskazini, hesabu hii haikusumbui sana.

Maldivi nimeifuta kwa sababu isiyo ya hewa. Ndege za kutua majini hazirushwi usiku, na safari tuliyoipata inafika Malé giza limeshaingia. Hapo unalipia usiku wa mjini ambao hukuupanga, kisha asubuhi unapimiwa mizigo upya, kwa kuwa vindege hivyo vina kiwango kidogo cha kilo.

Dada anataka kupiga mbizi na mitungi. Sawa, ila zamu yake itakuwa mwanzoni. Wataalamu wa uzamiaji hushauri mtu aliyezama mara kadhaa asubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, ili naitrojeni itoke mwilini. Siku ya mwisho tutatembea nchi kavu, na nimeshaiandika hivyo kwa kalamu nyekundu kabla hajaanza kunibembeleza.

Vimebaki visiwa viwili na kalenda ya mwezi. Kesho naandika barua ya likizo. Nitaomba kuanzia Jumatano, na mkuu wangu akiuliza kwa nini katikati ya wiki, nitamwambia maji mafu yanaanza Alhamisi.