Tajiri Aliyezungumza na Nafsi Yake

Mbukwenyi, wapendwa. Bwana Yesu asifiwe.

Jumamosi iliyopita baadhi yetu tulikuwa msibani upande wa Kongwa. Tulikaa chini ya mbuyu kusubiri gari kutoka hospitali, na kila aliyepiga simu aliuliza lile lile: "Mwili umeshafika?" Hakuna aliyeuliza kama mzee amefika. Angekuja na gari hilo hilo mwezi mmoja kabla, akiwa amekaa kiti cha mbele na mkongojo wake, tungesema mzee amefika. Lugha yetu ilishakata shauri zamani: aliyemo kwenye jeneza si yeye, ni mwili wake. Basi yeye ni nani, na nafsi tunayoitaja kila ibada ni kitu gani?

Swali hilo halikuanza nasi. Mwaka 399 kabla ya Kristo, gerezani Athens, Socrates alikuwa karibu kunywa sumu aliyohukumiwa. Rafiki yake Crito akamuuliza, tukuzike vipi? Mzee yule akacheka, akasema mtakavyo, mradi mnikamate kwanza nisiwaponyoke. Plato, aliyetuandikia habari hiyo, aliiona nafsi kama mfungwa ndani ya mwili, na kifo kama kufunguliwa mlango. Nimesikia mahubiri mengi makaburini yenye wazo hilo, nami nimeshayahubiri, nikidhani nimelitoa kwenye Mwanzo. Mwanafunzi wa Plato, Aristotle, hakukubali. Alisema jicho lingekuwa mnyama, basi kuona ndiko kungekuwa nafsi yake. Huwezi kuchomoa kuona ukakuweka kando kama betri iliyotolewa kwenye tochi.

Nikarudi kwenye Mwanzo 2:7. Mungu alifanya mtu kwa mavumbi (na sisi wa Dodoma mavumbi tunayajua), akampulizia puani pumzi ya uhai, "mtu akawa nafsi hai." Akawa. Haisemi alipewa nafsi aiweke mahali. Tena maneno hayo hayo ya Kiebrania, nefeshi haya, sura ya kwanza inayatumia kwa viumbe vya majini na kwa wanyama wa nchi, ng'ombe wakiwemo. Wafugaji wa Bahi mnaruhusiwa kutabasamu.

Hili neno nefeshi ndilo lililoninyima usingizi wiki nzima. Kabla ya kuwa neno la wanateolojia lilikuwa jina la koo: mahali pumzi inapopita, mahali kiu inapouma. Ndiyo maana Zaburi ya 69 inalia kwamba maji yamefika mpaka nafsini. Sisi tungesema yamefika shingoni, na tungekuwa hatujakosea. Isitushangaze sana. Kwa Kiswahili pia mtu akisema fulani alimkaba roho, mkono wako mwenyewe unaenda kooni. Na nafsi, kwa Kiarabu tulikoikopa, ni ndugu wa neno la pumzi.

Sasa fungua Luka 12. Shamba la tajiri limezaa sana. Anavunja ghala zake ajenge kubwa zaidi, kisha anaiambia nafsi yake: una vitu vingi ulivyojiwekea akiba kwa miaka mingi, pumzika, ule, unywe, ufurahi. Huwa tunamshambulia kwa uchoyo. Mimi simwoni mchoyo hasa. Anayeishi nchi yenye mvua ya msimu mmoja, milimita mia tano na kitu, na mwaka mwingine hata hizo hazifiki, akijenga ghala namwita mwenye akili. Wazee wetu walisimuliwa habari za Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, pale majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipochukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, kisha mvua ikagoma. Mgogo hafundishwi ubaya wa akiba.

Kosa lake liko kwenye mazungumzo. Anazungumza na koo kana kwamba ni ghala. Koo halijai kwa miaka mingi. Unakunywa asubuhi, jioni lina kiu tena, na hilo si ugonjwa wake, ndivyo lilivyoumbwa.

Nina haki ya kumsema maana nimefanya kama yeye. Msimu mmoja nilinunua mahindi Kibaigwa yalipokuwa bei ya chini, magunia ishirini, nikayapanga stoo nikingoja bei ipande. Usiku wa kwanza nilimwambia mke wangu, "Sasa nitalala." Sikulala. Niliamka saa nane kwenda kusikiliza kama dumuzi wanatafuna. Wiki ya tatu walikuwa wanatafuna kweli, kwa sababu nilibania hela ya mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa.

Kuna jambo dogo katika tafsiri yetu ya zamani linalonigusa. Mstari wa 19 tajiri anasema "nafsi yangu", lakini mstari wa 20 Mungu anajibu, "usiku huu wa leo wanaitaka roho yako!" Kwa Kigiriki ni neno lile lile, psukhe, mara zote. Na kitenzi kile cha "wanaitaka" ni cha mtu anayedai kurudishiwa kilicho chake. Tajiri aliwekeza kila kitu kuilisha nafsi ambayo kumbe aliazimwa.

Wengine nao walizungumza na nafsi zao. Huko kisiwani Pate, mtunzi wa utenzi wa zamani wa Kiswahili uitwao Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliusimamisha moyo wake mbele ya majumba ya matajiri yaliyobaki magofu, ndege na popo wakiwa ndio wapangaji, akauhoji kwa nini bado hauonyeki. Majirani zetu Waislamu wana aya ambayo ndani yake Mungu mwenyewe ndiye anayeiita nafsi iliyotua, irejee kwake ikiwa radhi. Niliisikia kwenye mazishi ya jirani hapa mjini, nikanyamaza njia nzima ya kurudi. Ile ya "kila nafsi itaonja mauti" tunaijua sote, lakini hii ya kuitwa kwa upole siku hizi ndiyo inayonijia zaidi.

Na yupo wa Zaburi ya 42. Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji. Huyu hana ghala lolote, ana machozi mchana na usiku, na watu wanaomuuliza yuko wapi Mungu wako. Naye anaigeukia nafsi, lakini haiamuru ifurahi. Anaiuliza: kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu? Anauliza mara tatu, ukihesabu na Zaburi ya 43, kwa maneno karibu yale yale. Nafsi haimjibu hata mara moja. Anachoweza ni kuielekeza: umtumaini Mungu, kwa maana nitakuja kumsifu. Nitakuja. Bado hajaanza.

Naomba wiki hii tusome zaburi hizo mbili kwa sauti, kila mtu nyumbani kwake, bila haraka.

Nilisahau kuwaambia habari za mama mjane. Tangu Alhamisi hakuwa ametia kitu kinywani. Kina mama walimletea uji, akakataa. Wakaleta chai, akageuza uso. Baada ya kuzika, watu walipoanza kutawanyika, mjukuu wa kike wa miaka kama sita alitoka korongoni na dumu dogo la maji, yale ya kuchimba mchangani, akamkingia kikombe bila kumsemesha. Mama akanywa chote. Akarudisha kikombe, akasema, "Ongeza."